Forodha ya Maiti

Je, mpaka ule uliwahi kupita kijijini kwetu? Nimeisoma historia hadi chuo kikuu, ninaifundisha katika shule moja ya sekondari mjini Tanga, na swali hilo bado linanishinda. Ninachokijua ni hiki: Wazungu walipokuwa wakigawana nchi hizi mezani kwao, walimwachia Sultani wa Unguja ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi kutoka baharini, na bara yote iliyobaki wakajigawia wenyewe. Mstari ulichorwa kwa rula. Haukudumu. Upande wetu huu Wajerumani waliununua hata huo ukanda kabla minazi iliyopandwa mwaka ule haijaanza kuzaa, na mpaka ukafa ungali mchanga. Ramani nilizoziona zinaupitisha mahali fulani kati ya Muheza na bahari, na wino wake ni mnene kiasi cha kufunika vijiji kadhaa kwa mpigo. Kama kuna mtu aliyewahi kuupima kwa miguu, hakuacha nyayo.

Kijiji chetu, hata hivyo, hakina shaka. Kina Pwani na kina Bara, na katikati pana njia ya miguu ambayo mbuzi huivuka kutwa bila kujua kwamba wamehama nchi. Sisi wa Pwani bahari hatuioni hata tukipanda juu ya paa. Wenzetu wa Bara hawana mlima wala baridi wala chochote kinachomfanya mtu aitwe wa bara. Mihogo yetu ni ile ile, visima vyetu vina chumvi ile ile, na tumeoana hadi hakuna anayeweza kumtukana mwenziwe bila kujirushia tope. Lakini muulize mtoto yeyote aliyeanza kusema: atakuonyesha kwa kidole Sultani aliishia wapi.

Mtu ninayetaka kumchora hapa aliishi ng'ambo ya njia hiyo. Nitamwita Mtani, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita maisha yangu yote. Alizaliwa lini na nani alimzaa nani, sitaeleza; yeye mwenyewe alinieleza mara nyingi, na kila mara alizaliwa upya.

Kazi yake ilikuwa udalali wa machungwa Muheza. Alisimama kati ya mkulima aliyeamini machungwa yake ni dhahabu na mchuuzi aliyeamini ni mawe, akawaongopea wote wawili kwa usawa, na jioni wote wawili walimshukuru. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, iliyopanda mwishoni mwa kila sentensi kana kwamba dunia nzima ilikuwa mnadani. Alidai hajawahi kula chungwa la mteja. “Dalali halambi mali ya watu,” alikuwa akisema, huku maji ya chungwa yakimtiririka ndevuni.

Nilipokuwa msichana nikipita mbele ya barza yake kwenda shule, tulisalimiana kwa utaratibu ambao haukubadilika hata nilipoota mvi.

“Shikamoo, Mtani.”

“Marahaba, raia wa Sultani. Pasi yako iko wapi?”

“Tangu lini mshenzi wa bara akakagua pasi za watu?”

“Pita, pita! Ila ukifika huko mwambie Sultani wako mihogo imeiva, aje kulima.”

Asiyetoka kwetu angedhani tunagombana. Heshima ilikuwa katika shikamoo, na mapenzi yalikuwa katika yote yaliyofuata.

Kama historia ya kijiji ilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa yeye. Wageni walipokuja kuuliza habari za mpaka, walielekezwa kwake, naye alimpa kila mmoja mpaka wa saizi yake. Wazee wawili wa Kijerumani, mtu na mkewe, waliokuja wakitafuta alikopita babu wa mume, waliambiwa kwamba Wajerumani waliujenga mpaka kwa mawe yaliyochongwa vizuri mno, na kwamba siku waliyoondoka wanawake walilia. Mtu wa wilaya aliambiwa kwamba mawe yale yale yaling'olewa na babu yake Mtani kwa mikono mitupu, kwa uchungu wa uhuru. Kijana mmoja mtafiti, aliyekuja na kinasa sauti na posho ya wahojiwa, aliambiwa kwamba hapakuwa na mawe, palikuwa na miti, na miti hiyo ilitambikiwa. Nilikuwepo siku hiyo. Mtafiti alipoondoka nilimuuliza Mtani kwa nini anaiharibu historia mbele ya mwalimu wa historia.

“Naiharibu vipi?” alisema. “Wao walichora mpaka bila kuja. Mimi nimewachorea nikiwa hapa hapa. Nani kati yetu ana haki zaidi ya kudanganya?”

“Lakini Mtani, ukweli ni upi?”

“Nyie mliosoma mnauliza mpaka ulipita wapi. Sisi hatujali ulipita wapi. Tunataka kujua nani alikuwa upande gani, tujue wa kumtukana.”

Nimeyanukuu maneno hayo darasani mara kadhaa nikiyafanya yaonekane ya kwangu. Wanafunzi huyaandika.

Serikali, kwa upande wake, haikutuacha tuone upweke. Zama za vijiji vya ujamaa ilituambia tusogee, tukasogea wote, Pwani na Bara, hadi kando ya barabara, na huko tukajenga upya nyumba zetu tukiacha katikati njia ya miguu. Hakuna aliyepanga. Asubuhi moja njia ilikuwepo tu, na mpaka ukawa umehama pamoja nasi kama paka wa nyumbani. Miaka ya karibuni kata iligawanywa, na wagawaji, bila shaka kwa rula nyingine, wakaupitisha mstari mpya pale pale: Bara ikaenda kata hii, Pwani ile. Kisha mradi wa maji ukaleta bomba moja, likasimikwa Bara, na wanawake wa Pwani tukaambiwa kwamba bomba letu litaletwa na kata yetu, bajeti ikiruhusu. Mtani alikwenda kukaa kwenye sakafu ya saruji ya bomba kutwa nzima. Kila mwanamke wa Pwani aliyekuja na ndoo alimpokea kwa sauti ya mnadani: “Karibu ughaibuni! Umekuja kwa matembezi au kwa kazi?” Mwenyekiti wa Bara alipokuja kuwafukuza wanawake hao, alikuta Mtani ameshawaandikisha wote kuwa wake zake kwa muda wa kuteka maji. “Huyu ni mke wangu,” alisema kwa kila ndoo. “Na huyu pia. Sheria inaniruhusu wangapi? Basi wengine ni wakwe.” Mwenyekiti alishindwa. Bomba halikuwa na upande tena tangu siku ile, ila maji yenyewe yalitoka siku yalipotaka.

Hata hivyo, sifa yake kubwa haikuwa ya bomba wala ya machungwa. Ilikuwa forodha.

Makaburi ya kijiji yako upande wa Pwani. Inasemekana kwamba siku mpaka ulipotangazwa, alifariki mtu wa Bara, na jeneza lilipofika njiani watu wa Pwani walisimama mbele yake wakadai forodha, kwa kuwa maiti ni bidhaa iliyotoka nchi nyingine. Ilikuwa dhihaka kwa Wazungu zaidi kuliko kwa wafiwa. Mfiwa mmoja, katikati ya machozi, akajibu: “Huyu hana cha kulipia, hata sanda ameazima.” Watu wakacheka, jeneza likapita, na kuanzia hapo hapakuzikwa mtu asiyelipa. Ada ni kicheko. Aliye mtani wa upande wa pili, akiwa amevaa nguo moja ya marehemu, husimama njiani na kumhoji maiti kama mtu wa forodha: jina, utokako, uendako, ulichobeba. Kisha hujibu mwenyewe kwa sauti ya marehemu, na majibu hayo ndiyo kasoro zake zote alizokuwa akizificha chini ya kilemba. Jeneza halipiti mpaka mfiwa wa karibu acheke. Na kwa kuwa wafu wa Pwani wangezikwa bila kuvuka mpaka, jambo ambalo Bara ililiona kuwa upendeleo, jeneza la Pwani huzungushwa kwanza hadi njiani ili nalo likaguliwe. Katika mambo yote ya nchi hii sijaona usawa unaosimamiwa kwa uaminifu kama huo.

Marehemu baba yangu alikuwa mtani wa Pwani na ndiye aliyewakagua maiti wa Bara. Mtani aliwakagua wetu. Siku ya baba yangu alisimama njiani amevaa koti la baba, mikono imepotelea ndani ya mikono ya koti, na uso ameukunja kwa ule ukali wa baba uliotutisha utoto mzima.

“Jina?” aliuliza mtu wa forodha.

“Andika mwenyewe,” alijibu baba yangu kutoka kinywani mwa Mtani, “mimi sikuja na miwani.”

“Unatoka wapi?”

“Pwani.”

“Bahari umewahi kuiona?”

“Niliiona kwenye kalenda.”

“Umebeba nini?”

“Ushauri. Niliutoa mwingi, hawakuuchukua, narudi nao.”

Kaka yangu mkubwa, aliyeapa kwamba hatacheka, alikaza meno mpaka mishipa ikamtoka, kisha akacheka kama mtu anayetapika. Mimi nilicheka nikiwa nimejiegemeza kwenye ukuta wa nyumba iliyo kando ya njia, wanawake tunaposimama, na kutoka humo kwenye kicheko ndipo nilipoanza kulia sawasawa. Kabla ya hapo nilikuwa nikilia kwa ajili ya watu.

Mara moja tu nilimwona akiikataa kazi hiyo. Jirani yetu alifiwa na mtoto mchanga, na baba wa mtoto, katika kuchanganyikiwa kwake, alileta kishuka kidogo ili Mtani akivae begani kama desturi inavyotaka. Mtani alikirudisha. Akatoka njiani, akasimama kwenye majani, akavua kofia. “Huyu hana mzigo,” alisema. “Apite.” Ilikuwa sentensi yake pekee niliyowahi kuisikia ambayo haikupanda mwishoni.

Msidhani nasimulia habari za mtu mwema. Alikuwa mchoyo wa kahawa. Akikukaribisha kikombe, ulipaswa kukataa mara mbili, na ukikubali mara ya kwanza alikumbuka kwa mwaka mzima. Aliwaogopa mbwa na akawaeleza watu kwamba anawachukia. Na mtu huyo aliyewadhihaki wafu mbele ya watoto wao hakuweza kuvumilia kudhihakiwa hata kwa punje. Baba yangu aliwahi kusema kwamba ndevu za Mtani zinafaa kuoshea masufuria. Mtani alinuna Ramadhani nzima, akafuturu peke yake, na siku ya Idi akaja kutupa mkono huku ameangalia dari.

Zaidi ya yote alipenda kusifiwa, na ndilo lililomtia mtegoni mwa afisa utamaduni. Wilaya iliandaa siku ya utamaduni katika uwanja wa mpira, na mtu fulani akakumbuka kwamba kijiji chetu kina desturi ya pekee. Mtani akaalikwa kuionyesha forodha jukwaani. Alishonesha kanzu mpya. Nilimsindikiza, kwa kuwa walihitaji mtu wa Pwani wa kuwa maiti, na baba alikuwa ameshafariki. Afisa utamaduni, kijana mstaarabu mwenye kitambulisho shingoni, alitueleza utaratibu.

“Mzee, mna dakika tano. Iwe ya kuchangamsha, lakini isiwe na lugha ya kuudhi.”

“Nimtanie nani?” aliuliza Mtani.

“Yeyote, mzee wangu, isipokuwa mgeni rasmi.”

“Na mkewe?”

“Mkewe naye hapana.”

“Hawa waliokaa mstari wa mbele?”

“Wale ni wafadhili, mzee.”

“Na huyu maiti wangu ana kosa gani la kutajwa?”

Afisa alinitazama, akapitisha jicho kwenye karatasi yake. “Mwalimu wa sekondari… Mzee, nadhani tuseme tu alikuwa mtu wa watu.”

Mtani alijikung'uta kanzu mpya. “Basi mmeniita nije nicheke peke yangu,” alisema. Lakini hakuondoka, kwa sababu ya kanzu. Alipanda jukwaani, akamhoji maiti asiye na kosa, akapigiwa makofi na watu ambao hawakucheka, akapewa cheti na mgeni rasmi akapiga naye picha. Tulirudi hadi kijijini. Hapo akanigeukia: “Umeona? Wameitia kwenye chupa. Sasa wanaweza kuiweka kabatini.” Cheti alikitundika ukutani, mahali ambapo kila mgeni angekiona.

Mkewe alifariki zamani, mwanawe wa pekee akiwa kijana wa kidato cha pili. Baba yangu ndiye aliyemkagua bibi yule, na wote waliokuwepo wanakiri kwamba haijawahi kutokea forodha kama ile. Hata wachukuzi wa jeneza walilazimika kulitua. Kijana alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya mazishi hakurudi barzani kwa baba yake, na baada ya shule hakurudi kijijini isipokuwa kwa Idi. Sasa ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, anaheshimika, ni mkarimu, na hacheki ovyo.

Mara ya mwisho nilipozungumza na Mtani ilikuwa Jumamosi moja, adhuhuri. Nilitoka kwangu Nguvumali, mjini Tanga, kwa basi hadi Muheza, kisha kwa pikipiki. Dada yake, ambaye sote tunamwita Shangazi, alinifungulia akaniambia kwamba hali chakula tangu juzi na kwamba amenitaja.

Alikuwa amelala kitanda cha kamba, amekonda, ndevu zimebaki peke yake kama watu waliokuja wakakuta mwenyeji hayupo. Nilimwamkia. Hakuniuliza pasi.

“Raia,” alisema, “watanipitisha kavu.”

Nilijifanya sijaelewa.

“Mwanangu hataki forodha. Ustadhi naye amesema ni kumchelewesha maiti. Ustadhi ni kijana mzuri, kasoma, simlaumu. Lakini watanipitisha kavu, kama gunia.” Alipumzika. “Wewe unajua niliowakagua ni wangapi? Wazee wenu wote. Hata yule bahili wenu aliyefia juu ya mnazi akilinda dafu. Wote nimewacheka, hakuna aliyepita bila kujulikana. Halafu mimi nipite kavu?”

“Pwani wapo vijana, Mtani.”

“Vijana wa Pwani wananionea haya. Kaka zako wapo Dar. Umebaki wewe, na wewe una digrii.”

“Mimi ni mwanamke.”

“Forodha haitaki ndevu. Inataka sauti.”

“Sijui kukuiga.”

Hapo alijiinua kwa kiwiko, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti ikakwaruza kama zamani. “Hujui? Miaka yote hii umenidharau bila kuniangalia?”

Nilicheka, naye hakucheka. Niliona kwamba anaogopa. Hakuwa akiogopa kufa. Hilo alikuwa ameshalikubali, kama dalali anavyokubali bei iliyofika mwisho. Alichoogopa ni kuzikwa na watu wanaosema alikuwa mtu wa watu.

“Kumlilia mtu kila mmoja anaweza,” alisema akijilaza tena. “Kumcheka kunataka uwe umemjua. Usinisifu. Ukinisifu hata mara moja, nitajua umenisahau.”

Sikumwahidi. Nilisema, kama tusemavyo watu tuliosoma, kwamba tutaangalia. Akafumba macho.

Alifariki siku chache baadaye, baada ya alasiri, na mazishi yakapangwa asubuhi ya siku iliyofuata. Nilifika kabla ya magharibi. Uani palikuwa na turubai na viti vya plastiki vya kukodi, na mwanawe alikuwa akisimamia kila kitu kwa utulivu wa mtu aliyezoea kupakia malori. Ustadhi alikuwa naye. Niliwapa pole, kisha nikasema nililokuja kulisema: kwamba marehemu alitaka forodha, na aliniomba mimi.

Ustadhi alinisikiliza mpaka mwisho. “Dada,” alisema, “maiti huharakishwa. Na kuzitaja aibu za aliyetangulia si jambo jema. Hilo ndilo nililomwambia hata yeye. Ila mwenye baba ni huyu.”

Mwenye baba alinisogeza pembeni, karibu na pipa la maji.

“Dada, mimi si mtu wa kukataa mila,” alisema. “Mila nazichangia. Lakini unakumbuka siku ya mama?”

“Nakumbuka.”

“Nilicheka. Mama yangu yuko juu ya mabega ya watu, mimi nimekaa chini nacheka. Nimeswali, nimetoa sadaka, nimemchimbia kisima kwa jina lake. Kila nikimkumbuka, naanza kukumbuka kicheko. Baba yako alinifanya hivyo, na baba yangu alisimama pale akamwangalia. Sijamwambia mtu. Wewe unataka nicheke tena kesho?”

Nikasema tu, “Baba yako anaogopa kupita kavu.”

“Baba yangu haogopi kitu sasa,” alisema, na akaenda kupokea wageni.

Nilikaa na wanawake. Kushoto kwangu walisema alikuwa mtu wa watu. Kulia kwangu walisema hakuwa na makuu. Mtu mmoja, ambaye Mtani aliwahi kumwita hadharani bomba lisilotoa maji, alisema marehemu hakuwahi kumkosea mtu neno. Kila sifa ilimfuta kidogo, na kufikia isha nilikuwa simtambui mtu wanayemzungumzia. Nilimfikiria kijana yule aliyekaa chini akicheka. Nikafikiri kwamba pengine ana haki, na kwamba mtu akishaumizwa na desturi, kumrudishia desturi hiyo hiyo si tiba. Nikafikiri pia kwamba ameishi miaka yote na nusu ya kicheko kile, kwa sababu alikimbia kabla kilio hakijafuata. Sikuweza kujua lipi kati ya hayo ni kweli. Niliamua hata hivyo. Nikamnong'oneza Shangazi, naye hakunitazama, alisema tu, “Koti lake nitalitoa kwenye kamba asubuhi, lisije likashika umande.”

Asubuhi nilisimama njiani. Koti la kijivu lilinifika magotini, na kofia niliivaa juu ya ushungi, ikakaa upande. Jeneza lilitoka uani, mwanawe akiwa mbele bega la kulia, na watu waliponiona takbiri zikapungua, moja moja, mpaka zikanyamaza. Ustadhi alitazama chini. Wachukuzi walisimama, miguu yao ilikuwa imeizoea njia ile.

“Jina?” niliuliza. Sauti yangu ilikuwa ya darasani.

Nikageuka, nikakwaruza koo. “Jina unalijua, unauliza ili tuonekane wengi?” Sentensi ilipanda yenyewe mwishoni. Mtu fulani nyuma alikohoa.

“Kazi?”

“Nawapatanisha waongo.”

“Na wewe mkweli?”

“Mimi ndiye niliyewafundisha!”

Mabega yakaanza kutikisika chini ya jeneza. Kutoka ukutani kwa wanawake nilimsikia Shangazi akiguna. Mwanawe alikuwa amekaza uso, macho yake juu ya kichwa changu, kama mtu anayesubiri lori lipite.

“Umebeba nini?”

“Cheti. Kimesainiwa. Nimeambiwa huko wanakitambua.”

Wakacheka hata wazee. Yeye hakucheka. Nilijua kwamba nikiendelea kumkamua nitakuwa nimefanya kile alichokisema kando ya pipa. Nikaacha sauti ya Mtani. Nikauliza kwa sauti yangu, na nikamuuliza yeye, si maiti.

“Anakwenda wapi?”

Jogoo aliwika upande wa Bara. Mchukuzi wa nyuma alibadilisha bega. Mwanawe alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu jana.

“Kwa mama,” alisema. “Amechelewa. Atagombezwa.”

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kukwaruza, kilichopanda mwishoni. Na kabla hakijaisha machozi yalikuwa yameshafika ndevuni, naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika jeneza.

Nikatoka njiani nikasimama kwenye majani, wakapita.